Dawa ya Tumbo Haikaushi Mahindi



Kila zinapotokea habari za watu waliokula chakula chenye sumu, neno moja husemwa sana sokoni na kwenye mashine ya kusagia: "Siku hizi dawa imepatikana." Huyu amesikia kuwa ni dawa ya sumu ya uyoga. Yule amesikia kuwa ni unga wa tumbo, kama ule anaopewa mtu anayeharisha, na ya kwamba ukiunywa kabla ya ugali, sumu ya kuvu haitakudhuru. Wa tatu hasemi kitu. Hurudi nyumbani, akayatazama mahindi yake yaliyonyeshewa, na moyo wake ukawa mwepesi kuliko jana.

Nataka kusema juu ya moyo huo mwepesi, kwa maana unaweza kutuua.

Habari hizo za dawa si uongo mtupu. Utafiti upo, na baadhi yake ni mzuri sana. Umefanywa Marekani, Ghana, China, na hata huku kwetu Kenya. Lakini nimeyasoma yaliyoandikwa, na maoni yangu ni haya: hakuna hata moja kati ya dawa hizo inayompa mkulima ruhusa ya kuweka mahindi mabichi ghalani. Sumu ya kuvu hushindwa shambani, juu ya turubai, na ghalani. Ikishafika tumboni tumekwisha chelewa. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, si daktari. Lakini hesabu ya jambo hili haihitaji udaktari, nami nitaieleza hatua kwa hatua.

UYOGA NA KUVU NI JAMII MOJA

Tuanze na uyoga, kwa kuwa ndio unaotajwa sana. Mvua ikinyesha, uyoga huota chini ya miti na kwenye vichuguu, na wengi wetu tumeula tangu utotoni. Uyoga mwingi haudhuru. Lakini ziko aina chache za kuua, na mkubwa wao ni ule ambao wataalamu huuita Amanita phalloides. Asili yake ni Ulaya, nao umesafiri pamoja na mizizi ya miti ya kigeni hata ukafika Afrika Kusini, Marekani na Australia.

Uyoga huo una hila. Mtu huula jioni, akalala salama. Saa sita hupita, pengine kumi na mbili au zaidi, ndipo aanze kutapika na kuharisha. Kisha tumbo hutulia, naye hufikiri amepona. Kumbe wakati huo huo ini lake linaharibika. Kuuchemsha hakuondoi sumu, wala kuukaanga. Madaktari wanazo njia za kumsaidia mgonjwa akifika mapema. Mwaka 2023 wataalamu wa China walitangaza kuwa rangi moja ya kijani inayotumiwa hospitalini kwa kupima macho na ini iliwasaidia panya waliopewa sumu hiyo. Habari hiyo ni njema, lakini iliwahusu panya. Kabla ya kitu kama hicho kuitwa dawa ya mtu, yapo majaribio mengi ya kupitia.

Kuvu ya mahindi ni wa jamii hiyo hiyo ya uyoga, ila yeye ni mdogo sana. Huonekana kama vumbi la kijani au la manjano juu ya punje, na mara nyingi haonekani kabisa. Jina lake ni Aspergillus flavus, na sumu anayoitoa huitwa aflatoksini, au kwa Kiswahili cha siku hizi, sumukuvu. Dunia ilianza kuijua mwaka 1960 huko Uingereza, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyoingia kuvu. Kabla ya hapo, watu walidhani kuvu huharibu ladha tu.

Sumu hii ina hila zile zile za uyoga wa kuua. Haina harufu wala ladha ya kukuonya. Moto wa jikoni hauimalizi, hata ukisonga ugali saa nzima au ukichemsha githeri tangu asubuhi. Nayo hupiga ini. Anayekula nyingi kwa muda mfupi huumwa tumbo, hutapika, macho huwa ya manjano, tumbo na miguu huvimba, na pengine hufa. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka haoni kitu, lakini hujiongezea hatari ya saratani ya ini, na zaidi kama ana virusi vya homa ya ini aina ya B.

Kipimo kinachoruhusiwa katika mahindi ya kuliwa hapa Kenya ni sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Tufanye hesabu. Gunia la kilo 90 likiwa na kiasi hicho, sumu yote iliyomo ndani haifiki uzito wa miligramu moja. Ni kama punje chache za chumvi ya mezani zilizotawanywa katika gunia zima. Sasa mwenye kusema, "Mimi huyatazama mahindi yangu kwa macho nikajua," na atuambie ameona nini.

MAHINDI YA MWAKA 2004

Jambo hili si la mbali nasi. Mwaka 2004 mavuno ya Februari katika sehemu za mashariki yalikutwa na mvua isiyo ya wakati wake. Kabla ya hapo palikuwa na ukame na chakula kilikuwa haba. Watu walivuna mahindi yakiwa na maji, wakayaingiza nyumbani. Kufikia mwezi wa Julai mwaka ule, watu 317 walikuwa wameugua kwa sumukuvu, na 125 kati yao walikufa. Katika kila wagonjwa watano, karibu wawili walizikwa. Wilaya zilizopigwa zaidi zilikuwa Makueni na Kitui. Lakini Machakos na Thika zilikuwamo pia. Thika ya wakati ule ndiyo wilaya tuliyokuwamo sisi wa Juja na Ruiru, kabla ya kuundwa kwa Kaunti ya Kiambu.

Wachunguzi wa Kenya na wa kutoka Marekani walikwenda sokoni wakanunua mahindi na unga kwa wauzaji 243 katika masoko 65 ya wilaya zile, wakavipima. Zaidi ya nusu ya vyakula hivyo, yaani 55 kwa mia, vilipita kipimo cha sehemu 20 kilichokuwa kikiruhusiwa wakati ule. Saba kwa mia vilipita sehemu 1,000.

Nataka kila msomaji ashike hesabu moja zaidi. Wastani wa sumu katika mahindi ya masoko ya Makueni, kwenye wagonjwa wengi kuliko kote, ulikuwa sehemu 52.91. Wastani wa Thika, iliyokuwa na wagonjwa wachache kuliko wilaya nyingine zilizochunguzwa, ulikuwa sehemu 7.52. Makueni ilizidi Thika mara saba.

Je, Thika ilipona kwa sababu hospitali zake zilikuwa na dawa ya sumukuvu? La. Hapakuwa na dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini, si Thika, si Makueni, si Nairobi. Madaktari waliweza tu kumsaidia mgonjwa kwa maji, dawa za kutuliza, na kungoja kama ini litapata nguvu. Hata leo hali ni hiyo. Tofauti iliyopimwa ikaonekana ilikuwa katika mahindi.

Wachunguzi waliingia pia katika nyumba. Walilinganisha nyumba zenye wagonjwa na nyumba za jirani zisizo na wagonjwa. Mahindi ya shambani yaliyokutwa katika nyumba zenye wagonjwa yalikuwa na wastani wa sehemu 354.53. Yale ya nyumba zisizo na wagonjwa yalikuwa na 44.14. Majirani hao walipata mvua ile ile na jua lile lile. Miongoni mwa mambo yaliyoonekana kuongeza hatari ni kuweka mahindi yakiwa na unyevu, na kuyaweka ndani ya nyumba badala ya ghalani. Basi mpaka kati ya uzima na mauti haukuwa mto wala mlima. Ulikuwa namna ya kukausha na kuweka.

DAWA ZINAZOSEMWA

Sasa tuje kwenye dawa zenyewe, tusije tukaambiwa tunazikataa bila kuzijua.

Dawa inayosemwa sana ni udongo. Uko udongo laini wa aina ya montimorilonaiti, ambao viwanda vya Marekani viliutia katika chakula cha mifugo ili kisigandamane. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas A&M waliona kuwa kuku waliopewa chakula chenye kuvu pamoja na udongo huo hawakudhurika sana. Sababu yake ni rahisi kueleza. Udongo huo una tabaka nyembamba mno, kama kurasa za kitabu, na sumu hunasa katikati ya kurasa hizo ikiwa bado tumboni. Kisha hutoka pamoja na choo badala ya kuingia katika damu. Udongo wa jamii hiyo ndio unaotengenezwa kuwa unga wa kuzuia kuharisha, na hapo ndipo ilipoanzia habari ya "dawa ya tumbo".

Baada ya wanyama, watu. Huko Ghana watu waliojitolea walimeza vidonge vya udongo huo kwa muda wa miezi mitatu, na alama za sumu katika mkojo wa waliopewa kipimo kikubwa zilipungua kwa zaidi ya nusu. Hapa Kenya pia watu waliojitolea waliunywa kwa siku chache, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa sumu katika mkojo ilipungua. Ni kazi njema, na siku moja inaweza kuwa msaada mkubwa wakati wa maafa, chakula safi kinapokuwa bado njiani.

Lakini tusome vizuri. Kwanza, sumu ilipungua, haikwisha. Mtu anayekula mahindi ya sehemu 1,000, ukimpunguzia nusu, amebaki na sehemu 500, na kipimo cha salama ni 10. Pili, udongo hunasa sumu iliyo tumboni tu. Iliyokwisha ingia katika ini haifuatwi na udongo wowote. Tatu, ingebidi kuunywa kila siku ya kula mahindi, na sisi hula mahindi kila siku ya maisha yetu. Ni nani atakayenunulia nyumba ya watu wanane dawa ya kila siku, naye ameshindwa kununua turubai moja?

Tuitazame China, kwa maana huko kuna fundisho kubwa zaidi. Katika wilaya ya Qidong watu walikuwa wakifa sana kwa saratani ya ini, nao walikuwa wakila mahindi yenye kuvu. Mwaka 1995 wataalamu walijaribu huko dawa iitwayo oltiprazi, ambayo mwanzo ilitengenezwa kwa ajili ya kichocho. Mwaka 1997 walijaribu nyingine iliyotokana na rangi ya majani mabichi. Zote mbili zilionyesha matumaini kidogo katika vipimo. Lakini saratani ya ini ya Qidong ilipungua sana kwa sababu nyingine kabisa. Tangu miaka ya 1980 watu wa huko walikuwa wameacha mahindi wakaanza kula wali. Sahani ilibadilika, na vifo vikapungua, wakati dawa zilikuwa bado katika majaribio.

Sisemi tuache mahindi tule wali. Udongo wetu mweusi wa Juja una kazi zake, na mahindi ndiyo chakula chetu. Nasema tu kwamba kilichowaokoa watu wa Qidong ni kubadilisha kilichoingia kinywani, kwa njia iliyowafaa wao. Sisi nasi tutafute njia itakayotufaa.

ODOWA SI DAWA HIYO

Yafaa niseme neno moja kwa kina mama. Mtu asisikie habari ya udongo akaenda sokoni kununua odowa akidhani amepata kinga. Udongo uliojaribiwa ni wa aina maalumu. Ulichaguliwa, ukasafishwa, ukapimwa kama una risasi na madini mengine mabaya kabla ya kupewa watu. Jiwe la odowa linalouzwa kwenye kikapu halikupimwa na mtu, na hakuna ajuaye limetoka shimo gani. Mama mwenye mimba atakayelila kwa ajili hiyo anaweza kuongeza sumu ya pili juu ya ile ya kwanza. Vilevile unga wa kuharisha wa dukani ni kwa ajili ya kuharisha. Haukuwekwa kipimo cha kulinda ugali.

MANENO TUNAYOJIPA

Yako maneno matatu ambayo hutufanya tusikaushe mahindi vizuri, nami nataka kuyajibu.

La kwanza ni: "Babu zetu walikula mahindi yenye kuvu wala hawakufa." Walikufa. Lakini hapakuwa na mtu wa kupima, na kifo cha tumbo kuvimba kiliitwa kurogwa. Hata mwaka 1981, wagonjwa 20 walipoingia hospitali huko Machakos na 12 wakafa, habari ilijulikana tu kwa sababu madaktari waliyapima mahindi ya nyumbani kwao.

La pili ni: "Mabovu tutawapa ng'ombe na kuku." Hapa Ruiru na Thika ng'ombe wa maziwa ni mali, na jambo hili hutuhusu sana. Ng'ombe akila mahindi yenye sumukuvu, sehemu ya sumu hiyo hutoka katika maziwa. Basi uliyemnyima mtoto ugali ule umempa ile ile katika chai. Kuku nao hudumaa, hutaga kidogo, na hufa. Vivyo hivyo kwa wale wanaoyapeleka mabovu kwenye pombe. Sumu haikai nje ya pipa ikingoja.

La tatu ni zito zaidi: "Nikiyatupa, nitakula nini?" Hili sitalijibu kwa haraka, nitalirudia hapo chini.

YATUPASAYO KUFANYA

Taabu yetu ya Juja na Thika inajulikana. Mahindi ya mvua ndefu huwa tayari mwezi wa Julai na Agosti, na miezi hiyo ndiyo ya baridi na mawingu. Jua huonekana saa chache, na manyunyu huja asubuhi. Mahindi ya mvua fupi huwa tayari kabla ya Machi, na tukichelewa mvua hurudi juu yake. Kwa hiyo kukausha kwetu hakuwezi kuwa kazi ya kungoja jua kali. Lazima kuwe na mpango.

Shambani: vuna mara mahindi yanapokomaa. Usiyaache mabua yakaanguka na magunzi yakagusa ardhi, kwa maana kuvu yumo udongoni. Magunzi yaliyotobolewa na wadudu au ndege yatengwe siku ile ile.

Tena iko kinga inayotiwa shambani iitwayo Aflasafe, iliyosajiliwa hapa Kenya mwaka 2015. Hiyo ni kuvu ya jamii ile ile ila haina uwezo wa kutoa sumu, nayo hupakwa juu ya mtama uliouawa ili usiote. Hutawanywa kwa mkono shambani, kilo 4 kwa eka, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa maua. Kuvu mwema hukaa mahali pa kuvu mbaya, kama vile mgeni akikuta kiti kimekaliwa hana pa kukaa. Mwenye kuitaka aulize kwa afisa wa kilimo kabla ya kupanda, asingoje mahindi yamekwisha toa nywele.

Kukausha: usianike juu ya ardhi tupu. Udongo mweusi hushika maji, na unyevu hupanda hata siku ya jua. Tandika turubai, au jenga kichanja. Funika wingu linapokuja, na funika jioni kabla ya umande. Usipukuchue kwa kupigapiga na rungu ndani ya gunia, kwa kuwa punje iliyopasuka ni mlango wa kuvu.

Kupima: mahindi ya kuwekwa yasizidi unyevu wa 13.5 kwa mia. Asiye na kipimo atumie chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa na yenye kifuniko. Tia mahindi hadi nusu, ongeza kijiko kimoja au viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Chumvi ikianguka chini yote, unyevu umeshuka chini ya 15 kwa mia. Umekaribia, lakini bado hujafika: yape jua siku nyingine kabla ya kufunga.

Kuweka: ghala liinuliwe kutoka ardhini na lipitishe hewa. Gunia lisiegemezwe ukutani wala kulazwa sakafuni, weka mbao chini yake. Najua kwa nini wengi huweka ndani ya nyumba: ni hofu ya wezi. Basi kama huna budi kuyaweka ndani, yawe makavu kabisa kwanza. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri kwa kuzuia dudu, lakini ukifungia mahindi mabichi humo umejenga nyumba ya kuvu.

Jikoni: chagua punje kwa mkono, na kila iliyobadilika rangi, iliyosinyaa au iliyopasuka iondolewe. Wenzetu wanaokoboa mahindi na kupika muthokoi wana desturi njema, kwa sababu sumu nyingi hukaa katika ganda na kiini, na kukoboa kunaweza kuondoa karibu nusu. Lakini makapi yake usimpe kuku, na wala usitegemee kukoboa kuyaponya mahindi yaliyokwisha oza.

Na mtu akiumwa tumbo na macho yake kuwa ya manjano, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mahindi aliyokula yapelekwe pamoja naye katika mfuko. Hayo huwasaidia madaktari na kuwaokoa wengine wanaokula katika gunia lile. Aliyekula uyoga wa porini akaugua naye afanye hivyo hivyo, hata kama tumbo limetulia. Mwenye kupenda uyoga aulimie nyumbani. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kiko hapa hapa Juja, na kimekuwa kikifundisha wakulima kilimo hicho kwa mbegu inayojulikana.

NA MWENYE GUNIA MOJA JE?

Sasa narudi kwa yule aliyeuliza, "Nikiyatupa, nitakula nini?" Huyu hapaswi kukemewa. Mama mwenye gunia moja na watoto watano, akiambiwa gunia hilo lina sumu, ana mambo mawili mbele yake: njaa ya leo anayoiona, na ugonjwa wa kesho asiouona. Wengi huchagua kula. Ndiyo maana mwaka 2004 haikutosha kutangaza tu kuwa mahindi yana sumu. Ilibidi Serikali kugawa chakula kingine badala yake.

Kwa maoni yangu jambo hili si la mtu mmoja mmoja. Mkulima mmoja hawezi kununua kipima unyevu, lakini wakulima ishirini wa skimu moja wanaweza, kikazunguka nyumba hadi nyumba wakati wa mavuno. Turubai mbili kubwa za chama zaweza kukausha mahindi ya majirani kwa zamu. Chama kinachoweka akiba ya magunia machache yaliyopimwa kinaweza kumkopesha yule ambaye mahindi yake yameharibika, akalipa msimu unaofuata. Hapo mama yule ataweza kutupa lililo bovu bila kulala na njaa. Bila hivyo, kumwambia "tupa" ni maneno matupu.

Nasi wa maofisini tuna deni letu. Haifai kumwambia mkulima apime, kisha kipimo kikae mjini. Mashine za kukaushia za Bodi ya Nafaka zina faida zikisogezwa karibu na mashamba mwezi wa Julai. Mwezi wa Septemba kuvu amekwisha shiba. Vyama vikiomba mapema, kwa barua, vikieleza wana magunia mangapi na watavuna lini, ni rahisi kuwapangia zamu. Ombi la mtu mmoja hupotea mezani, lakini la skimu nzima husomwa.

Wataalamu waendelee na udongo wao na rangi zao, nasi tuwaombee mafanikio. Siku dawa ya kweli itakapopatikana, gazeti hili litakuwa la kwanza kuitangaza. Lakini wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, na hapa tiba yenyewe bado haijafika. Mahindi ya msimu huu yako karibu kukomaa. Kabla ya kuvuna, itisheni mkutano wa skimu, mhesabu turubai mlizo nazo, na mkubaliane ni nani atakayetunza chupa ya chumvi.